Mwanafunzi Afundishwe Kutua Kabla ya Kuruka

Kuuzunguka uwanja mara nyingi, kama timu za shule zifanyavyo, hujenga pumzi, hakujengi wepesi. Msichana wa Songea achezaye mpira wa pete, anapogeuka ghafla mbele ya mpinzani, hana budi kuusimamisha mwili na kuusukuma upande mwingine kwa muda mfupi mno, pengine usiotimia robo ya sekunde.

Hapo ndipo mazoezi ya kurukaruka, yaitwayo kitaalamu pliometriki, yanapostahili nafasi. Msuli uliovutwa ghafla kabla ya kujikaza hutoa nguvu nyingi kuliko ule uanzao katika utulivu, kwa kuwa kano zake huhifadhi nishati mfano wa kamani ya saa. Lakini nishati hiyo haingoji: mguu ukikawia chini, hupotea na kuwa joto. Katika miaka ya 1960, Yuri Verkhoshansky wa Urusi ya Kisovieti aliwazoeza wanariadha kushuka kutoka jukwaani na kuruka tena papo hapo. Watoto wetu, bila jina lolote la kitaalamu, hufanya jambo la jamii hiyo wachezapo rede au warukapo kamba.

Hatari imo katika kuiga. Majukwaa ya Verkhoshansky yalikuwa na kimo cha sentimita 75 hata 110, nao warukaji walikuwa watu wazima waliokwisha kukomazwa kwa kunyanyua vyuma. Mwalimu anayempandisha mtoto wa Kidato cha Kwanza juu ya dawati na kumwamuru aruke kwenye udongo mkavu anachezea goti la mtoto wa watu. Wasichana, katika michezo ya kugeukageuka, hukatika kano ya ndani ya goti mara kadhaa zaidi kuliko wavulana. Na Taasisi ya Mifupa Muhimbili iko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900 kutoka Songea.

Basi kwanza afundishwe kutua: magoti yakunjwe, yaelekee vidoleni, yasiangukiane ndani, na kishindo kisisikike. Pawe na nyasi. Kamba yatosha kwa mwanzo, kisha kijukwaa cha sentimita 20. Mitulio 80 kwa siku ni mingi ya kutosha, na miguu ipumzike siku mbili kabla ya kurudia. Faida huanza kuonekana baada ya majuma sita hivi. Shule inayokumbuka mazoezi haya majuma mawili kabla ya UMISSETA ni afadhali iyaache kabisa.