Nambari yako ya simu si paswadi ya Wi-Fi

Ukifika kejani jioni hii, fungua simu uangalie orodha ya Wi-Fi zinazoshika. Kama unaishi Roysambu, Pipeline, Juja au ploti yoyote ambayo dirisha lako linatazamana na la jirani, utahesabu kumi, kumi na tano hivi. Kuna moja inaitwa "Nunua Yako", nyingine "Usiniulize", na hakosi mmoja anayejifanya gari la polisi. Karibu zote zina alama ya kufuli. Safi. Swali ni ufunguo wa hiyo kufuli uko wapi, na mara nyingi jibu ni hili: ufunguo ni nambari ya simu ya mwenyewe.

Unajua ilivyokuwa. Fundi alikuja, akapitisha waya dirishani, akatundika rauta ukutani, kisha akauliza, "Paswadi tuweke gani?" Ulikuwa na haraka ya kujaribu kama Netflix itafunguka bila kuzunguka. Ukataja kitu ambacho huwezi kusahau. Fundi akaandika, mkacheka kidogo, akaenda zake. Hadi leo haijabadilishwa.

Hebu tufanye hesabu. Nambari ya simu ya Kenya ina tarakimu 10, lakini mbili za kwanza zinajulikana na kila mtu: ni 07 au 01. Tuchukue 07. Zinabaki tarakimu 8, yaani nambari milioni 100. Zinasikika nyingi, sivyo? Kwa binadamu ni nyingi kweli. Kwa kompyuta ni kitafunio.

Mtu anayetaka kuingia kwenye Wi-Fi yako hasimami mlangoni akibahatisha paswadi moja moja mpaka rauta imkatalie. Anakaa chumbani kwake na laptopu inayosikiliza hewani. Simu yako ikijiunga na rauta, vifaa hivyo viwili hubadilishana ujumbe mfupi wa kuthibitishana. Paswadi yenyewe haipiti hapo, lakini kinachopita kinatosha kumwezesha kupima kama paswadi fulani ni sahihi. Akishanasa ujumbe huo, kazi iliyobaki anaifanya kwa wakati wake, bila hata kuwa karibu nawe. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, kama zile za kuchezea gemu, hujaribu paswadi laki kadhaa kwa sekunde. Hata ikijaribu laki tatu tu, nambari zote milioni 100 zinaisha kabla ya dakika sita. Chai haijachemka.

Na huyo ni yule anayejisumbua na mitambo. Jirani wa kawaida hahitaji yote hayo, kwa sababu nambari yako anayo tayari. Iko kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti, anayo mtunzaji wa ploti, anayo muuza maji, na anayo kila mtu ambaye umewahi kumtumia pesa kwa simu.

Utaniambia, "Sasa akiingia ataiba nini? Anatazama YouTube tu." Hapa ndipo nataka tubishane.

Kwanza niondoe uongo mmoja unaotembea mtaani. Jirani akiingia kwenye Wi-Fi yako haoni PIN yako ya M-Pesa, wala hasomi jumbe zako za WhatsApp. Programu za benki na tovuti nyingi siku hizi husimba mawasiliano kabla hayajatoka kwenye simu. Kwa hivyo anayekutisha kwamba utaamka akaunti ikiwa tupu kwa sababu jirani alijua paswadi, anakuza mambo. Usiogope kitu ambacho hakipo, ukaacha kilichopo.

Kilichopo ni jina lako. Ulipojiandikisha ulitoa jina, nambari ya simu na mahali unapoishi. Vifaa vyote vilivyo ndani ya Wi-Fi yako, viwe viwili au kumi na viwili, hutoka nje kwa anwani moja ya IP, na anwani hiyo kwa mtoa huduma wako ina jina moja tu. Msee wa ghorofa ya nne akitumia Wi-Fi yako kulaghai watu, kumtishia mtu maisha au kupakua uchafu, huko nje haionekani kwamba ni wa ghorofa ya nne. Inaonekana ni wewe.

Si mambo ya kubuni. Mwaka 2011 mjini Buffalo, jimbo la New York nchini Marekani, mtu mmoja aliamshwa alfajiri na maafisa wa serikali waliovunja mlango wake, wakamlaza sakafuni wakimwelekezea bunduki na kumshutumu kwa kupakua picha za watoto wanaodhulumiwa kingono. Hakuwa amefanya lolote. Rauta yake haikuwa na paswadi, na aliyekuwa akipakua alikuwa jirani. Maafisa waligundua hivyo siku chache baadaye, baada ya kubeba vifaa vyake na kuvichunguza, na jirani akakamatwa. Lakini fikiria zile siku chache. Fikiria namna ploti nzima ingekuwa imeshakuhukumu kabla hujarudishiwa simu yako.

Hapa kwetu kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018. Inampa polisi nafasi ya kwenda kortini kuomba amri ya kumlazimisha mtoa huduma atoe taarifa za mteja. Mteja ni wewe. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mwingine bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa hivyo wewe unayejisifu barazani kwamba hujanunua bando mwaka mzima kwa sababu "uli-crack" Wi-Fi ya jirani, punguza sauti.

Kuna hatari ya pili, na hii watu huisahau kabisa. Rauta yako ina paswadi mbili. Moja ni ya kuingia Wi-Fi. Nyingine ni ya kuingia kwenye rauta yenyewe, ule ukurasa wa mipangilio ambao fundi aliufungua kwenye simu yake. Hiyo ya pili mara nyingi bado ni ile ya kiwandani: jina "admin", paswadi "admin", au ile iliyobandikwa kwenye stika chini ya rauta. Mtu akishaingia Wi-Fi yako na kukuta mlango huo wa pili uko wazi, si mgeni tena. Anaona orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kumaanisha anaweza kujua simu yako iko nyumbani au umetoka. Anaweza kukufungia nje ya mtandao unaolipia mwenyewe. Anaweza pia kugeuza mipangilio ili ukiandika anwani ya benki upelekwe kwenye tovuti bandia. Mwaka 2018 watafiti walipata zaidi ya rauta 100,000, nyingi zikiwa Brazil, zilizogeuzwa hivyo hivyo, na mojawapo ya njia zilizotumika ilikuwa kubahatisha paswadi za kiwandani. Wenye rauta hawakuona chochote kisicho cha kawaida. Taa zilikuwa zikiwaka tu.

Sasa tuje kwa lile gumu, kwa sababu paswadi ni rahisi kubadilisha kuliko tabia zetu. Sisi hugawana. Kwenye ploti za wanafunzi utakuta vyumba vinne vinachangia laini moja, na sioni ubaya wowote, maana bei ya intaneti unaijua. Halafu kuna mgeni wa wikendi, binamu aliyekuja kutafuta kazi, jirani anayeomba "kidogo tu nitume CV". Utamnyima vipi bila kuonekana una roho chafu?

Shida ni kwamba ukimpa mmoja, hujui umewapa wangapi. Ile picha ya QR ambayo simu hutoa ili mtu ajiunge haraka imebeba paswadi yako kama ilivyo, bila kufichwa. Mgeni wako akishajiunga, anaweza kufungua mipangilio ya simu yake na kumtolea rafiki yake QR nyingine hivi hivi. Na simu haisahau. Yule mliyeachana naye Februari akipita karibu na ploti, simu yake inajiunga yenyewe kabla hajakumbuka kukukasirikia. Mimi naona mahusiano yakiisha, paswadi ya Wi-Fi ibadilishwe siku hiyo hiyo, pamoja na ile ya Netflix.

Kwa hivyo gawana, lakini kwa mpango. Rauta nyingi za siku hizi zina mtandao wa wageni, ambao una jina lake na paswadi yake, na haumfikishi mgeni kwenye vifaa vyako wala kwenye TV. (Wenye TV za kisasa wananielewa. Kuna watu wametazama habari ghafla ikawa mugithi, kumbe ni jirani anarusha video kutoka kwa simu yake.) Paswadi ya wageni ibadilishe kila mwisho wa mwezi. Akiuliza mbona, mwambie rauta ni mbovu. Na kama mnachangia laini, andikeni hata kwenye WhatsApp ni nani yumo na nani amehama. Uchafu ukitokea, jina lako halitabaki peke yake.

Paswadi yenyewe isiwe fupi yenye alama za ajabu utakazosahau kesho. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, uyaunganishe: kitu cha jikoni, mnyama, jina la stendi ya matatu, rangi. Wi-Fi inakubali hadi herufi 63, kwa hivyo nafasi unayo. Usitumie methali, maana methali kila mtu anaijua. Kwenye mipangilio chagua WPA3 kama rauta inayo, la sivyo WPA2. Ukiona bado iko kwenye WEP, hiyo ilishavunjwa tangu 2001.

Zima pia kitu kinachoitwa WPS. Hiki ni kile kitufe cha kuunganisha bila paswadi, na nyuma yake kuna PIN ya tarakimu 8. Mwaka 2011 iligundulika kwamba rauta huikagua PIN hiyo kwa vipande viwili, hivyo badala ya kubahatisha mara milioni 100, mtu anahitaji kujaribu mara 11,000 tu. Unaweza kuwa na paswadi ndefu kama tenzi na bado mtu akapitia hapo.

Kuhusu wanaokushauri ufiche jina la Wi-Fi yako, usipoteze muda. Jina lililofichwa bado husikika hewani kila simu yako inapojiunga. Kuorodhesha simu zinazoruhusiwa pia si dawa, kwa sababu utambulisho wa kifaa huigwa kwa dakika moja.

Yote haya yatakuchukua nusu saa Jumamosi asubuhi. Ukishabadilisha, kila kifaa kitakatika, na itabidi uingize paswadi mpya kwenye simu, laptopu na TV. Subiri pia mlango ubishwe. Atakayekuja kuuliza mbona Wi-Fi imepotea, na hukuwahi kumpa paswadi, mkaribishe ndani akuambie amekuwa humo tangu lini.