TUJUE DUNIA: Mbio za pikipiki barabarani, sifa na majonzi

Mwezi huu tunawajibu vijana wanaopenda kubishana habari za pikipiki na mwendo kasi. Wazazi nao wasiruke ukurasa huu, kuna neno lao mwishoni.

Kati ya Uingereza na Ireland kuna kisiwa kidogo kinaitwa Man. Kina bunge lake na sheria zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, sheria ya Uingereza ilikataza chombo kupita kilomita 32 kwa saa, na kufunga barabara kwa ajili ya mashindano haikuruhusiwa. Lakini bunge la Man lilipitisha sheria ya kuruhusu jambo hilo mwaka 1904. Basi wapenda mbio wakahamia huko, na mwaka 1907 yakaanza mashindano ya pikipiki yanayoitwa TT. Mshindi wa kwanza, Charlie Collier, alikwenda wastani wa kilomita 61 kwa saa. Siku zile ilionekana ni ajabu kubwa!

Mwaka 1911 mbio zilihamishiwa njia ya mlimani. Mzunguko mmoja ni kilomita 60 na zaidi, una kona zaidi ya 200, na unapita katikati ya vijiji. Hicho si kiwanja cha michezo jamani, ni barabara ileile ambayo watu huendea sokoni. Pembeni kuna kuta za mawe, nyumba, miti na nguzo. Ukiteleza huna pa kuangukia. Wanaruhusiwa kuondoka mmoja mmoja, na kila mtu anashindana na saa. Mwaka 2023 Peter Hickman alimaliza mzunguko kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa.

Sasa tuje kwenye majonzi. Mwaka ule ule wa 1911, Victor Surridge alikufa katika mazoezi. Tangu hapo, zaidi ya watu 260 wamepoteza maisha katika mashindano na mazoezi kwenye njia ile. Mwaka 1972 alikufa Mwitaliano Gilberto Parlotti kwenye mvua. Rafiki yake Giacomo Agostini, bingwa wa dunia, akasema hatarudi tena kushindana pale, na kweli hakurudi. Wengine wakamfuata. Baada ya mwaka 1976, TT ikaondolewa katika ubingwa wa dunia. Lakini mbio hazikukoma. Ajali za mwaka 2022 pekee ziliua 6, miongoni mwao baba na mwanawe waliopanda chombo kimoja.

Tumtaje pia Joey Dunlop wa Ireland ya Kaskazini, aliyeshinda TT mara 26. Watu walimpenda si kwa mbio tu. Alikuwa anapakia gari lake chakula na nguo, analiendesha mwenyewe mpaka Romania, Albania na Bosnia kuwasaidia watoto yatima na watu waliopatwa na shida. Mwezi wa saba mwaka 2000 aliteleza kwenye mvua huko Tallinn, Estonia, akagonga miti na kufa. Mdogo wake Robert alikufa katika mazoezi ya mbio mwaka 2008, na mtoto wa Robert, William, mwaka 2018. Mtoto mwingine wa Robert, Michael, bado aliendelea, na mwaka 2024 akavunja rekodi ya baba yake mkubwa. Familia moja, vikombe vingi, makaburi matatu.

Je, kuna faida iliyopatikana? Ipo moja kubwa. Daktari Eric Gardner, aliyewahudumia majeruhi wa mbio huko Uingereza, aliona vichwa vinaumia sana. Akatengenezesha kofia ngumu ya turubai iliyopakwa vanishi, na mwaka 1914 washindani wa TT wakalazimishwa kuivaa. Hiyo ndiyo mwanzo wa helmeti tunayoijua leo.

Basi vijana, tupime wenyewe. Wale ni mabingwa. Barabara inafungwa, walinzi wana bendera kila kona, madaktari wako tayari na helikopta. Na bado wanakufa. Kwetu barabara haifungwi. Inapita mama na kuni kichwani, mtoto na dumu la maji, mzee na fimbo yake. Anayeshindana na mwenzake kwenye vumbi lile hahatarishi roho yake peke yake.

Wazazi, neno lenu ni hili: mkipanda pikipiki kwenda sokoni au hospitali, ulizeni helmeti kabla ya kuuliza nauli. Mwambieni dereva apunguze mwendo, msione haya. Mtoto asiwekwe mbele kwenye tangi. Na ikiwa mko wanne kwenye pikipiki moja, wawili washuke, wasubiri.

Haraka haraka haina baraka. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.