Msimsakame mwenye nyumba peke yake
Ndugu mwandishi, umemsema sana anayebomoa nyumba ya zamani, ila hesabu yake umeiruka. Nyumba ya zamani Kariakoo ni baraza, ukumbi na vyumba sita vya kupangisha. Akipandisha ghorofa, fremu mbili tatu za chini tu zinazidi kodi ya nyumba nzima. Nani angekataa? Lakini na hao wanaodai majengo ya kale ni hatari, wapite Sokoine Drive walione Boma la Kale la enzi za Sultani Majid, miaka ya 1860. Kuta zake za matumbawe zimesimama. Lililoporomoka Novemba 16, 2024 lilikuwa ghorofa, hapohapo Kariakoo! Serikali ikitaka nyumba zibaki, imsamehe mwenyewe kodi ya majengo, imsaidie na pesa ya kubadilisha bati.