Upepo Ukishapita, Tusiimalize Miti kwa Shoka



Sisi tulio Singida tunaujua upepo. Mvua za Desemba zikianza huja nao, na asubuhi unakuta tawi la mwembe limelala juu ya mabati na mwarobaini umeinama. Hapo anapita kijana na shoka: "Mama, tukate yote ulale kwa amani." Maoni yetu ni kwamba tusikubali haraka hivyo.

Mkoa wetu ni mkavu, una msimu mmoja tu wa mvua. Mti unaoangushwa kwa saa moja unakua kwa miaka mingi. Na nyumba isiyo na mti upepo unaipiga moja kwa moja.

Lakini pia tusiache tawi linaning'inia juu ya chumba cha watoto tukasema Mungu atalinda. Mtume (s.a.w.) alifundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali.

Basi tuchague. Tawi likigusa waya wa umeme, asilisogelee mtu, wapigiwe simu TANESCO. Mti mkubwa ulioinama huku mizizi imenyanyua udongo, au uliopasuka shina, ukatwe na mtu anayejua kazi. Mdogo ulioinama usimamishwe, ushindiliwe udongo, ufungwe kwenye nguzo kwa kitambaa, si kwa waya. Uliovunjika matawi machache, uacheni, utapona. Sisi mafundi cherehani hatuachi nguo inaning'inia nyuzi: tawi lililochanika likatwe kwa msumeno karibu na shina, bila kugusa ule uvimbe linapoanzia. Msipake tope wala rangi, mti hujifunga wenyewe.

Kuna kinamama wanaosema mti ni mambo ya baba. Lakini anayefagia majani ni nani? Anayeanika nguo na kupikia kivulini ni nani? Basi neno letu lisikike kabla shoka halijainuliwa. Mume akiwa safarini, mpigieni mshauriane.

Nawe bibi harusi, kabla turubai la shughuli halijafungwa mtini, mwambie kaka aangalie juu kama hakuna tawi bovu. Ukiingia kwako, panda miche mvua za kwanza zikinyesha, mbali kidogo na ukuta. Akila ndege au mtu, kwako ni sadaka, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.).

Allah azilinde nyumba zetu. Amin.