GARI INANUNA ALFAJIRI? USIKIMBILIE DUKA LA SPEA!

Wiki hii nawaandikia nikiwa nyumbani, Nachingwea, na nina kisa. Si cha mapenzi, ni cha gari, ingawa gari nayo ikinuna haina tofauti na mchumba.

Ilikuwa Julai, saa kumi alfajiri, baridi ya kipupwe imekaza. Dada yangu akashikwa uchungu. Mjomba akachomoka na shuka lake, akaingia kwenye Corolla yake ya teksi, akapiga stata. Nye-nye-nye-nye! Wapi! Akakanyaga mafuta mara kumi, wapi! Ikabidi dada apakiwe kwenye bajaji, mama akimshikilia mgongo kila penye shimo. Mungu mkubwa, mtoto alizaliwa salama. Jua lilipopanda, gari hiyo ikawaka yenyewe kama vile haijafanya kitu!

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nikajifanya mjuaji: "Mjomba, hizo plagi." Akanunua nne mpya. Kesho yake alfajiri, nye-nye-nye! Fundi mmoja akasema pampu. Mjomba akaanza kuhesabu hela ya korosho aliyoiweka kwa ajili ya bati za nyumba. Nikaona haya hadi miguuni.

Ndipo mzee mmoja wa gereji akaniambia: "Dogo, gari inayosumbua kwenye baridi haipimwi mchana. Iacheni ilale hapa."

Alfajiri tukamkuta ameshavaa ovaroli. Somo lenyewe hili:

Kwanza, sikiliza stata. Ikizunguka kivivu, shuku betri na vichwa vyake. Yetu ilizunguka kwa nguvu.

Pili, acha kukanyaga mafuta. Hiyo ni dawa ya kabureta. Kwenye gari za EFI pedeli inafungua hewa tu, petroli inapimwa na kontroli boksi.

Tatu, piga stata kisha fungua plagi moja. Ikiwa imelowa, petroli inafika, tafuta cheche au nozeli inayovuja. Ikiwa kavu, injini ina njaa. Yetu kavu kabisa!

Nne, pima presha ya petroli. Mzee akafunga geji, stata ikapigwa, mshale ukapanda na kutulia. Pampu haina kosa!

Tano, sensa ya joto la maji. Hii ndiyo inayoiambia kontroli boksi kama injini ni baridi au moto. Injini baridi inataka petroli ya ziada, maana petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye baridi. Mzee akaweka mita. Kwa Toyota nyingi, kwenye nyuzi 20 sensa husoma kama omu 2,000 hadi 3,000, na kwenye nyuzi 80 kama omu 300. Yetu, injini ikiwa baridi kama mtungi, ilisoma chini ya 400! Yaani ilikuwa inadanganya kwamba injini imechemka, petroli ikabanwa.

Sensa ikabadilishwa. Stata moja tu, vruum! Bei yake haikufika hata robo ya pampu.

Sisi wa Nachingwea tulipaswa kulijua somo hili zamani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta kabla ya kuijaribu ardhi vizuri. Mwaka 1951 mradi ukafa, zaidi ya pauni milioni 30 zikaenda na maji. Pima kwanza, nunua baadaye!

Bati za mjomba zimeshapanda juu. Zile plagi za zamani kazipanga dirishani, na kila nikifungua mdomo kutoa ushauri, ananionyesha kwa kidole. Nafunga mdomo, nakunywa chai yangu.

Tukutane wiki ijayo!