Risala ya Wanawake wa Vijiji vya Korosho Kuhusu Mgawanyo wa Mali Ndoa Inapovunjika

Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Waheshimiwa Mahakimu,
Ndugu Wananchi,

Sisi wanawake tulioachika na tuliotengana na waume zetu tunawashukuru kwa kuja kutusikiliza. Kwa heshima na taadhima tunawasilisha kero zetu, ambazo tumezivumilia huku tukilea watoto kwa vibarua.

1. Kazi yetu haihesabiwi. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. Hata hivyo, barazani bado tunadaiwa risiti. Aliyepalilia mikorosho, akapuliza salfa na kuokota korosho kila msimu, atatoa risiti gani? Tunaomba wajumbe wa mabaraza wafundishwe sheria hiyo, na ushahidi wa majirani upewe uzito.

2. Fedha zinafichwa. Malipo ya korosho huingia kwenye akaunti ya mume, kwa kuwa ndiye aliyeandikishwa kwenye chama cha msingi. Ugomvi ukianza, fedha huhamishiwa kwa ndugu na laini ya simu hubadilishwa. Mbele ya hakimu mume husema hana kitu, na mke hana karatasi ya kumpinga. Tunaomba kila upande uwasilishe kwa kiapo taarifa za benki, simu, vikoba na madeni kabla shauri halijasikilizwa. Za kwetu tuko tayari kuzitoa.

3. Mali inauzwa kabla ya hukumu. Kifungu cha 59 kinazuia kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Lakini nyumba zetu nyingi hazina hati, na mauziano humalizika kwa karatasi yenye muhuri wa kijiji. Tunaomba viongozi wa vijiji wasigonge muhuri huo mpaka mke na mume wote wawili wamesaini.

4. Hatujui pa kuanzia. Wengi wetu hukata tamaa kwa kukosa nauli na mtu wa kutuandikia madai. Tunaomba wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wafike vijijini kila mwezi.

Mheshimiwa Waziri, tunachoomba ni jasho letu na haki ya watoto wetu. Tuna imani kuwa ofisi yako inaweza kuyatekeleza haya.

Tunaomba kuwasilisha.