Aliyerejea Mikono Mitupu Naye ni Wetu

Sisi watu wa pwani, kutoka Lamu hadi Kilwa, tuna ada iliyotimia ya kumpokea maiti aliyefia ughaibuni. Habari ikishafika, jamaa walioko London, Toronto na Muscat hufanya mchango usiku huo huo, mmoja akashika daftari na mwingine akashughulikia hati za ubalozi na nafasi ya jeneza katika ndege. Na huku nyumbani kaburi huchimbwa, majamvi hutandikwa, sufuria huazimwa, na watu ambao marehemu hakupata kuonana nao kwa miaka na miaka huacha shughuli zao wakaenda uwanja wa ndege kumlaki. Profesa Ali Mazrui alipofariki huko Binghamton, Marekani, mwezi wa Oktoba 2014, baada ya kukaa nje ya Afrika Mashariki takriban miaka 40, alirejeshwa Mombasa aliyozaliwa, akazikwa katika makaburi ya ukoo wake kando ya Ngome ya Yesu, na hapakuwa na aliyeuliza kwa nini taabu yote hiyo, kwa kuwa kila mtu alilijua jambo hilo kuwa ni haki.

Ada hii ni njema, wala siandiki ili kuitia ila. Ninachouliza ni hiki: maadamu twajua kumpokea kwa taadhima hiyo yule asiyeweza tena kutuona wala kutusikia, imekuwaje tukakosa utaratibu wowote wa kumpokea aliye hai, anayerejea kwa miguu yake akitaka kuishi nasi, hususan akiwa hakurejea na mali? Mimi nami nimekaa ughaibuni nikarejea, na katika jamaa na rafiki zangu wapo waliotangulia kurudi na wapo waliofuata. Na jambo moja limenidhihirikia wazi, nalo ni kwamba mtu aliye nje tumempa daraja moja tu katika nyoyo zetu, daraja ya mwenye kuleta, hata ikawa siku aachapo kuleta hatujui tena tumweke wapi.

Tazama siku ya kufunguliwa masanduku. Mwenyewe hajanywa hata chai, na sebuleni watu wamekwisha kukaa duara: mashangazi kwenye makochi, watoto kwenye mkeka, na jirani aliyesema amepita kusalimu tu naye haondoki. Hutoka marashi, hutoka mashuka, viatu vya wapwa, simu ya kaka, peremende za watoto, na kila kitokacho huitiwa jina la mwenye kukipata, mpaka sanduku likabaki tupu na pakawa na mtu mmoja wawili ambao majina yao hayakuitwa. Nimepata kumwona mtu akivua saa mkononi mwake akampa ami yake, kwa sababu sanduku lilikwisha na mzee hajapata kitu. Na ami akaipokea, akaivaa, akashukuru, bila ya yeyote mle ndani kuona kwamba limetendeka jambo la kuhuzunisha. Siku zile za kwanza hupita kwa mialiko na pilau. Baada ya mwezi mmoja au miwili maneno hubadilika, watu wakaanza kumuuliza safari ya kurudi ni lini. Huuliza kwa wema, hawana nia mbaya, lakini anayeulizwa hufahamu kwamba mahali pake panahesabiwa kuwa ni kule alikotoka, na kwamba kukaa kwake hapa kunahitaji kutolewa sababu.

Hapo ndipo lilipo chimbuko la uongo mwingi wa ughaibuni, uongo ambao mimi siwezi kuwalaumu wausemao peke yao. Mtu huosha wazee usiku katika nyumba za kulelea, au hupanga mizigo katika ghala, akalala chumba kimoja na wenziwe, akajinyima nyama na koti la baridi ili apeleke karo na dawa nyumbani; na akipiga simu husema kazi ni nzuri, ofisi ni safi, mambo ni mepesi, kwa kuwa akisema kweli ataonekana analalamika ili asitoe. Miaka ikipita ule uongo humfunga. Kurudi kutaifichua hali yake, basi huahirisha mwaka huu, akaahirisha na ujao, mpaka wazazi wakafa naye akaja kuwazika, au asije kabisa. Abdulrazak Gurnah, ambaye aliondoka Unguja akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960 na hakuweza kurudi kuitazama mpaka mwaka 1984, alitunga riwaya mwaka 1996, Admiring Silence, yenye habari za mtu arejeaye Unguja baada ya miaka mingi ilhali hajawaambia jamaa zake kwamba huko Uingereza anaishi na mwanamke na wamezaa binti. Na yeyote aliyekaa ughaibuni na akaisoma atakuwa amemtambua mtu huyo, ingawa siri ya kila mmoja ni mbali na ya mwenziwe.

Kisha kuna nyumba. Ukipita Mtwapa, Likoni au viunga vya Tanga utaziona, kuta zimefika kwenye linta zikasimama, nondo zimeota kutu, mpapai umemea ndani ya chumba ambacho kwenye ramani kilikuwa cha mgeni. Fedha za bati zilitumwa, na za saruji zilitumwa mara mbili. Kila mtu huisoma hadithi hiyo kwa namna moja, kwamba ndugu aliyekabidhiwa alikula amana, na wapo waliokula, tena bila ya haya. Lakini nikizungumza kwa insafu, mara nyingi fedha hizo ziliingia hospitali, au zilimlipia ada mtoto aliyekuwa karibu kufukuzwa shule, au zilizika mtu. Na ndugu yule, kwa kuwa alijua aliye mbali anataka kusikia habari za bati tu, aliona haya kusema. Wote wawili walidanganyana kwa ajili ya kusitiriana, na sasa hawasemezani.

Hao, pamoja na yote hayo, bado wana nafuu. Wenye taabu kubwa ni mabinti na kina mama wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, wale ambao watu wamezoea kuwaita kadhama, wanaochukuliwa na mawakala kutoka Kisauni, Kwale, Unguja na bara pia, wakaingia katika utaratibu wa kafala unaomfunga mfanyakazi kwa tajiri mmoja, na aghalabu pasipoti yake ikashikwa na tajiri huyo. Miongoni mwao wapo waliofanikiwa, wakasomesha wadogo zao na kuwajengea mama zao, nasi huwasifu kwa haki. Lakini yupo pia anayerudi kabla ya mkataba kwisha, hali mshahara wa miezi kadhaa haukulipwa, mwili umechoka na ameona mambo asiyotaka kuyataja. Naye akifika mtaani huulizwa ameleta nini, na asipokuwa na jibu watu hujitengenezea jibu lao, na jibu hilo huwa juu ya tabia yake. Nimeona wazazi wakimficha binti yao ndani wiki nzima ili majirani wasijue amerudi. Fedheha hii ni yetu, wala si yake, na nayaandika haya kwa sababu naamini yanaweza kuondolewa.

Tukiwatazama waliorudi zamani tutaona kwamba mali haikuwa ndiyo iliyowarudishia uenyeji. Jomo Kenyatta aliondoka mwaka 1931 akakaa Ulaya miaka 15, na wakati wa vita kuu alikuwa kibarua wa shamba huko Storrington katika jimbo la Sussex. Aliposhuka Mombasa mwezi wa Septemba 1946, akapokewa na mkewe Wahu na wanawe, hakushuka na utajiri. Palikuwa na kazi iliyomngoja na mahali pa kuifanyia, yaani chuo cha walimu cha Githunguri, ambacho Mbiyu Koinange alikiasisi mwaka 1939, na kutoka hapo akaingia tena katika maisha ya watu. Julius Nyerere aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada yake, alikwenda kwao Butiama akakanyaga udongo na kujenga nyumba kwa mikono yake kabla ya kumwoa Maria mwezi wa Januari 1953, na watu wa kwao walistaajabu kumwona msomi wa Ulaya akiwa na matope miguuni. Kadhalika Oman: Sultani Qaboos alipotawala mwezi wa Julai 1970 aliwaita waliokuwa wametawanyika, na wengi walitoka au walikuwa na asili ya Unguja na Afrika Mashariki, baadhi yao Kiarabu kikiwapiga chenga huku Kiswahili kikiwatoka kama maji, lakini dola ile ilihitaji walimu, makarani, madaktari na wahandisi, ikawapa viti na kazi. Waliitwa Wazanzibari huko, na mpaka leo huitwa, na si kila wakati kwa heshima. Hata hivyo walikuwa na mlango wa kuingilia, nao ulikuwa ni kazi.

Mintarafu ya sheria nitasema machache, kwa kuwa nazo zinamfikiria zaidi mwenye mali. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humsamehe mwenye kurejea ushuru wa vyombo vyake vya nyumbani, na wa gari moja aliyoimiliki na kuitumia huko nje muda usiopungua miezi 12. Ni sheria nzuri kwa mwenye gari. Kenya, kwa Ibara ya 16 ya Katiba ya 2010, haimvui uraia mzaliwa wake aliyechukua uraia wa nchi nyingine, ilhali Tanzania, chini ya Sheria ya Uraia ya 1995, humvua mtu mzima aliyeuchukua kwa hiari yake. Na kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyotungwa, haikumgawia ardhi asiye raia illa kwa ajili ya uwekezaji, mzaliwa wa Pangani aliyechukua uraia wa Kanada ili apate kazi alifanywa mgeni mbele ya shamba alilochungia mbuzi. Wapingao uraia pacha husema moyo hauwezi kugawanyika kwa nchi mbili. Nawaheshimu, lakini mtu anayepeleka nusu ya mshahara wake kwa mama yake kila mwezi amekwisha kuonyesha moyo wake uko wapi, na Kenya, ambako fedha za walioko nje zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, haijapatwa na dhara lolote nilionalo kwa kuwaacha wana wake wabaki kuwa wana wake. Hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, iliyoletwa na serikali ya Tanzania, naishukuru kama hatua ya mwanzo, na natamani isiwe ya mwisho.

Mwenye kurejea naye ana wajibu wake. Asiwe kila akisimama foleni ya afisi akahadithia foleni za London, wala kila umeme ukikatika akataja nchi usikokatika, kwa sababu wale anaowaambia wameishi na giza hilo miaka yote aliyokuwa hayupo, na hawahitaji kufundishwa kwamba ni giza. Ahudhurie misiba midogo, ile isiyokuwa ya jamaa zake wa karibu, akae kwenye jamvi na kubeba kiti. Watoto wake waliozaliwa nje awatie chuoni na uwanjani pamoja na watoto wa mtaa, asiwafungie nyumbani na televisheni. Juu ya yote awaambie ahali zake ukweli wa kazi aliyokuwa akiifanya, ingawa ulimi utakuwa mzito. Naamini wazazi wengi wangelisikia kwa huruma kuliko wanavyodhaniwa.

Lakini ulimi huo hautafunguka ikiwa sisi tulio nyumbani hatutaonyesha kwa kitendo kwamba tumemkubali. Kwa hiyo natoa rai kwa kamati za misikiti, kwa makanisa, kwa vyama vya kina mama vya kuwekeza na kukopesha, na kwa zile jumuiya za walioko Ulaya na Ghuba ambazo zimekuwa hodari wa kusafirisha maiti: katika kila mchango itengwe sehemu, hata ikiwa ndogo, kwa ajili ya aliyerejea akiwa hai na hana kitu. Imlipie kodi ya chumba miezi 3, imlipie ada ya kutambuliwa kwa vyeti vyake ikiwa anavyo, imnunulie cherehani au jiko la biashara ikiwa hana, na imtafutie daktari yule aliyetoka Ghuba na maumivu. Wanawake wawili watatu wa mtaa wateuliwe kwenda uwanja wa ndege kila wanapopata habari ya binti anayerudi, wampokee na kumfikisha kwao, na waingie naye ndani ili wazazi wake waone kwamba hakuja peke yake. Na daftari la fedha hizo lishikwe na watu wasiozidi wawili, wenye kuaminika, na majina ya waliosaidiwa yasisomwe hadharani kama yasomwavyo majina ya waliochanga.